Siku Moja kwenye Bruce Trail: Mwongozo kwa Anayetoka Toronto

Magharibi ya Toronto inapita njia ya miguu yenye urefu wa takribani kilomita 900. Inaanzia Queenston, karibu na maporomoko ya Niagara, inapanda juu ya jabali refu liitwalo Niagara Escarpment na kulifuata hadi Tobermory, kwenye ncha ya Bruce Peninsula. Njia hiyo ni Bruce Trail. Wazo lake lilitolewa mwaka 1960 na Raymond Lowes, mkazi wa Hamilton, na ikafunguliwa rasmi mwaka 1967, Kanada ilipotimiza miaka 100. Jabali lenyewe lilitambuliwa na UNESCO mwaka 1990 kuwa hifadhi ya biosfia (biosphere reserve). Kuitembea njia hii hakuna malipo, ingawa baadhi ya hifadhi inazozipitia hutoza kiingilio au maegesho.

Wengi wetu tunaoishi Toronto, Mississauga na Brampton tuko mwendo wa saa moja hivi kutoka kwenye njia hii, na bado hatujaikanyaga. Nadhani sababu mojawapo ni mazoea tuliyotoka nayo nyumbani. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Unaandikishwa getini, kuna wapagazi na mpishi, na kuna mtu anayekuambia "pole pole" pale unapoharakisha. Bruce Trail haina lolote kati ya hayo. Unashuka kwenye basi, unaona mstari wa rangi nyeupe kwenye mti, basi. Hakuna atakayekuuliza una maji kiasi gani wala unarudi saa ngapi.

Kwa hiyo kazi ya mwongozaji inabaki kwako, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mezani, siku moja kabla ya safari. Anayeifanya vizuri atatembea kwa raha hata kama hajawahi kupanda kilima maishani. Anayeiacha atapata shida hata akiwa mkimbiaji. Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye afya ya kawaida, aliye peke yake au na familia, anayetaka kutembea kipande cha siku moja kati ya Mei na mwanzo wa Novemba. Safari ya theluji na barafu ina vifaa vyake na maarifa yake, kwa hiyo iache kwa sasa.

Ielewe njia kabla ya kuipanga

Mambo matatu yanaitofautisha Bruce Trail na bustani uliyozoea kutembelea mjini, kama High Park.

La kwanza: ni mstari. Njia nyingi za bustanini huzunguka na kukurudisha ulipoegesha gari, lakini hii inakwenda mbele tu. Ukitembea saa nne kuelekea magharibi, gari lako au kituo chako cha basi kiko saa nne nyuma yako. Swali la "nitarudije?" lijibiwe kabla ya swali la "nitaanzia wapi?"

La pili: inapita kwenye ardhi ya watu. Sehemu kubwa iko ndani ya hifadhi au kwenye ardhi iliyonunuliwa na shirika la Bruce Trail Conservancy, lakini vipande vingine viko kwenye mashamba na misitu ya watu binafsi waliokubali kwa hiari yao wageni wapite. Mwenye shamba akichoshwa na takataka, mbwa waliofunguliwa au watu wanaokata njia kupita kwenye mazao yake, anaweza kufuta ruhusa hiyo. Ikifika hapo, njia huhamishiwa kando ya barabara ya magari, na kila anayekuja baada yako anatembea kwenye lami. Usione geti au uzio ukadhani umepotea. Mara nyingi kuna ngazi ndogo ya mbao ya kuvukia. Vuka, na kama ulifungua geti, lifunge.

La tatu: inabadilika. Daraja hung'oka, mti huanguka, mwenye ardhi hufunga kipande kwa msimu wa uwindaji. Njia nzima inahudumiwa na vyama tisa vya watu wa kujitolea, kila kimoja na sehemu yake, na mabadiliko hutangazwa kwenye tovuti ya Bruce Trail Conservancy na kwenye programu yao ya simu. Sehemu iitwayo Toronto, kwa taarifa yako, haingii Toronto kabisa. Imepewa jina la chama kinachoihudumia, nayo iko nje ya mji, upande wa Milton, Limehouse na Terra Cotta.

Jinsi ya kusoma rangi

Alama za njia ni mistari midogo ya rangi, mirefu kuliko ilivyo mipana, iliyopakwa kwenye miti, nguzo, mawe na kuta. Ukubwa wake ni kama kiganja kilichosimamishwa wima. Jifunze alama hizi nyumbani, kwa sababu msituni ndizo zitakazozungumza nawe.

> KISANDUKU CHA ALAMA
> • Mstari mmoja mweupe: uko kwenye njia kuu, endelea mbele.
> • Mistari miwili myeupe, mmoja juu ya mwingine: njia inakata kona. Ule wa juu umesogezwa upande mmoja kidogo. Upande huo ndio wa kugeukia.
> • Mstari wa buluu: umeingia njia ya pembeni. Nyingi hupeleka kwenye mandhari, maegesho au hukutana tena na njia kuu.
> • Rangi nyingine yoyote: ni njia ya hifadhi uliyomo au ya shirika jingine. Usiifuate kwa kudhani zote ni moja.

Mistari miwili ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu anakuja akiongea na mwenzake, njia pana inanyooka mbele yake, naye ananyooka nayo. Njia kuu imekata kona kushoto na kuingia kwenye kijia chembamba kati ya mierezi, alama mbili ziko palepale kwenye mti wa mwisho, lakini hakuna aliyeinua macho. Dakika kumi baadaye mazungumzo yanakatika na kila mmoja anauliza, "Hivi tumeona rangi lini?"

Fuata kanuni hii: ukitembea dakika tano bila kuona alama, simama. Geuka utazame nyuma, maana miti hupakwa pande zote mbili kwa ajili ya wanaotoka upande wa pili, na huenda ukaiona alama usiyoiona ulipokuwa ukija. Usipoiona, rudi ulikotoka hadi ufikie alama ya mwisho uliyo na hakika nayo, kisha itafute kona hapo. Usikate msitu kwa kubahatisha kwamba njia "lazima iko kule". Upande mmoja wa kule huenda ukawa ni ukingo wa jabali.

Jua halizami saa kumi na mbili

Jambo hili nalipa nafasi kubwa kwa makusudi. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tuna saa ndani ya mwili: jua linachomoza kama saa kumi na mbili asubuhi, linazama kama saa kumi na mbili jioni, Januari hadi Desemba. Toronto jua halina ratiba hiyo. Mtu aliyetembea Juni akarudi nyumbani saa moja usiku bado kweupe, akirudia safari ileile Novemba kwa ratiba ileile, giza litamkuta katikati ya msitu.

> JUA LINAZAMA SAA NGAPI TORONTO (makadirio)
> • Mwishoni mwa Juni: saa 3 usiku (21:00)
> • Mwishoni mwa Septemba: saa 1 usiku (19:00)
> • Mwishoni mwa Oktoba: saa 12 na dakika 10 jioni (18:10)
> • Katikati ya Novemba: saa 10 na dakika 50 jioni (16:50)

Kati ya Oktoba na Novemba kuna mruko mkubwa, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Na chini ya miti, kwenye upande wa jabali usiopata jua la jioni, kiza huanza kabla ya muda huo. Panga uwe umetoka njiani saa mbili nzima kabla ya jua kuzama.

Kuna hatari nyingine ndogo inayotuhusu sisi peke yetu. Tunahesabu saa kwa Kiswahili na ratiba za mabasi zimeandikwa kwa hesabu ya hapa. Ukimwambia mdogo wako aliyezaliwa Brampton, "Nitakuwa nimefika saa kumi," yeye anaweza kuelewa saa nne za usiku, na akakaa kimya saa sita nzima kabla ya kuanza kukutafuta. Unapoacha taarifa ya safari, andika saa kwa tarakimu za ishirini na nne: 16:00.

Kupanga safari, hatua kwa hatua

1. Chagua mwisho kwanza. Tafuta mahali penye basi, treni au gari la kukuchukua, halafu ndipo uchague pa kuanzia. Mkiwa na magari mawili, acheni moja mwisho wa kipande, mpande lile jingine hadi mwanzo. Mkiwa na moja tu, egesheni mwisho na mchukue teksi kwenda mwanzo. Hivyo mnatembea kulielekea gari lenu, na hakuna dereva anayesubiriwa.

2. Pima umbali kwenye programu ya Bruce Trail au kwenye kitabu chao cha ramani. Kwa safari ya kwanza usizidi kilomita 12 za njia yenye mawe.

3. Kadiria muda kwa kilomita 3 kwa saa, pamoja na mapumziko mafupi. Najua barabarani unakwenda 5. Njia ya jabali ina mizizi, mawe yaliyolegea na kupanda na kushuka, na watoto au wazee wataipunguza hadi 2.

4. Toa muda huo kwenye saa ya jua kuzama, ukumbuke zile saa mbili za akiba. Utapata saa ya mwisho ya kuanza kutembea. Ikiwa basi la kwanza linafika baada ya saa hiyo, fupisha kipande.

5. Tafuta milango ya kutokea: kila barabara inayokata njia katikati ya safari. Iandike kwa jina. Hapo ndipo utakapokatisha mguu ukiteguka, na ndilo jina utakalowapa watu wa dharura ukipiga 911.

6. Weka saa ya kugeuka au kukatisha. Ikifika hiyo saa na hujafika nusu, unatokea kwenye barabara iliyo karibu, hata kama miguu bado ina nguvu.

7. Pakua ramani kwenye simu ukiwa nyumbani. Mabonde mengine hayana mtandao.

8. Soma matangazo ya njia usiku wa kuamkia safari, na utabiri wa hali ya hewa asubuhi.

9. Mwachie mtu mmoja ujumbe. Unaweza kunakili huu:

> "Shikamoo dada. Leo natembea Bruce Trail Hamilton. Naanza Dundurn Stairs 09:30, namaliza McMaster 16:00. Tuko watu watatu. Nikiwa sijakupigia ifikapo 19:00, na simu yangu haipatikani, piga 911 uwaambie hivi hivi."

Kipande cha kuanzia: Hamilton hadi Dundas Valley

Watu wengi wa Toronto wakisikia Bruce Trail hukimbilia Dundas Peak wakati majani yanageuka rangi mwezi Oktoba. Mandhari ni ya kweli, sikatai, lakini msongamano ni mkubwa na kuingia eneo la Spencer Gorge msimu huo huhitaji nafasi uliyoiweka mapema. Kwa safari ya kwanza napendekeza kipande kilicho jirani yake, kutoka chini ya jabali katikati ya Hamilton kuelekea magharibi. Sababu yangu kubwa ni milango ya kutokea. Njia inapita msituni na kando ya maporomoko, lakini mji hauko mbali, na ukichoka unaweza kutoka.

*Kufika.* Kutoka Union Station, basi la GO namba 16 hukufikisha Hamilton GO Centre, na treni ya Lakeshore West hufika West Harbour. Watoto wenye umri wa miaka 12 na chini hawalipi GO, jambo linalopunguza sana gharama ya familia. Siku za wikendi GO huuza tiketi ya siku nzima. Ilinganishe na nauli ya kadi ya Presto kabla ya kuondoka. Kutoka katikati ya mji elekea kusini-magharibi hadi Dundurn Street inapokwisha kwenye ukuta wa jabali. Wenyeji huliita jabali hilo Mlima, na kwa kweli linasimama karibu mita 100 juu ya mji wa chini. Hapo kuna Dundurn Stairs, ngazi ndefu za chuma ambazo watu wa Hamilton hufanyia mazoezi.

*Mwanzo.* Eneo la ngazi hizo ndipo utakapotafuta alama nyeupe. Usianze kutembea kabla hujaziona mbili zinazofuatana, moja ikiwa upande unaokwenda. Njia inachukua tuta la Chedoke, ambalo zamani lilikuwa la treni ya umeme ya kwenda Brantford. Ni pana na limenyooka, ukuta wa mawe uko upande mmoja na uwanja wa gofu uko chini upande wa pili. Sehemu hii itumie kujikagua: kiatu kinabana? Begi linavuta bega? Umevaa nguo nyingi mno? Funga, fungua, punguza sasa. Lengelenge lililoanza hapa litakusumbua mchana kutwa.

*Katikati.* Baada ya Chedoke njia inapanda na kuingia Iroquoia Heights, kisha inashuka kuelekea Ancaster. Hapa kuna barabara za kuvuka, na kwenye kila barabara alama huhamia kwenye nguzo za umeme. Tazama kabla ya kuvuka, halafu tazama tena upande wa pili kabla hujaingia msituni. Wilson Street ndiyo mlango mkubwa wa kutokea: ni barabara ya mji, na Tiffany Falls ina maegesho yake hapo. Ikiwa saa yako ya kukatisha imefika, katisha hapa. Ikiwa una muda, kijia kifupi kinakupeleka hadi chini ya maporomoko ya Tiffany.

Mbele kidogo ni Sherman Falls, na hapa njia kuu yenyewe inapita mbele ya maji. Simama uyatazame mawe. Juu kabisa kuna tabaka gumu la dolomaiti, chini yake kuna matabaka laini ya mawe ya udongo. Maji na barafu vinakula yale ya chini, na yale ya juu yanabaki yamening'inia, mpaka siku moja kipande kinakatika na kuanguka. Mawe makubwa kama gari unayoyaona chini ya jabali yote yalikuwa juu. Likumbuke jambo hili kila unaposogelea ukingo wowote wa jabali hili: unaposimama juu, unaona mwamba imara wenye nyasi, lakini huwezi kujua chini yake kumebaki nini.

*Mwisho.* Njia inapita Canterbury Falls na kuingia Dundas Valley. Kuwa makini na rangi kuliko popote. Hifadhi hii ina takribani kilomita 40 za njia za farasi, baiskeli na waenda kwa miguu, na mabango yako kila njia panda. Shika nyeupe tu. Fuata mabango hadi kituo cha wageni kilichojengwa kwa sura ya stesheni ya zamani ya reli, na hapo iage Bruce Trail. Stesheni hiyo iko juu ya njia ya reli ya zamani kati ya Hamilton na Brantford, ambayo sasa ni ya baiskeli na miguu. Ifuate kuelekea mashariki. Ni tambarare, ina changarawe laini, na inakutoa Ewen Road, magharibi ya Hamilton, jirani na Chuo Kikuu cha McMaster. Kutoka Main Street West kuna mabasi ya mji ya kukurudisha katikati, na McMaster kwenyewe kuna kituo cha mabasi ya GO.

Ile sehemu ya reli iweke kwenye hesabu ya umbali tangu mwanzo. Ni rahisi kwa miguu, lakini bado ni mwendo.

Begi

Usibebe nyumba nzima. Hivi ndivyo visivyokosekana:

☐ Maji lita 2 kwa kila mtu mzima. Usinywe ya kijito; juu yake kuna mashamba na miji.
☐ Chakula cha mchana na akiba ya mlo mmoja. Chapati zilizokunjwa na mayai, viazi vitamu vya kuchemsha, tende, karanga. Chakula ulichokizoea kinaliwa hata ukiwa umechoka.
☐ Chupa ya chai ya moto kuanzia Septemba.
☐ Tochi ya kichwani, hata safari ikiwa ya asubuhi.
☐ Simu yenye chaji kamili na pawabanki. Baridi humaliza betri, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.
☐ Filimbi. Mlio wa mara tatu, pumzika, rudia, ndiyo ishara ya kuomba msaada.
☐ Koti la mvua na sweta moja la ziada.
☐ Soksi za pili, plasta, bandeji ya kufungia mguu, kibano chembamba.
☐ Kanga moja. Utaikalia kwenye jiwe lenye unyevu, itafunga mkono ulioumia, itamfunika mtoto.
☐ Mfuko wa takataka. Kila ulichokwenda nacho kirudi nawe, maganda ya ndizi na machungwa yakiwemo.

Kuhusu mavazi: jinzi na fulana za pamba ziache. Pamba ikilowa jasho au mvua hukaa na maji na kuunyonya mwili joto. Mvua ya digrii 8 na upepo kidogo inatosha kumfanya mtu atetemeke, aongee maneno yasiyoeleweka, ajikwae mara kwa mara. Huo ni mwanzo wa mwili kupoteza joto, na watu wa nchi za joto tunauchukulia kama uchovu tu. Ukiuona kwa mwenzako, mvue zilizolowa, mvike kavu, mpe chai tamu, mtoe njiani kwa mlango ulio karibu, na piga 911 akizidiwa.

Viatu viwe na soli yenye meno na viwe vimeshavaliwa kabla. Kiatu kipya kutoka dukani siku ileile ni lengelenge.

Hatari, na uzito wake halisi

Wengi huniuliza kwanza kuhusu dubu na nyoka. Upande huu wa Hamilton na Milton hilo lisikunyime usingizi. Nyoka pekee mwenye sumu wa Ontario, massasauga, anapatikana zaidi Bruce Peninsula na pwani ya Georgian Bay, na huko ndiko utakakohitaji kufikiria dubu pia. Kinachowaumiza watu hapa ni vitu vidogo na vya kawaida.

*Ukingo.* Kikosi cha zimamoto cha Hamilton hushuka kwa kamba mara kwa mara kuwaokoa watu kwenye maporomoko na majabali. Usivuke uzio kwa ajili ya picha. Kaa mbali na ukingo kwa urefu wa mwili wako, na watoto washikwe mkono pote penye mwanya kwenye mawe. Mierezi midogo iliyopinda ukingoni usiishike wala kuning'inia juu yake. Mingine ina zaidi ya miaka 1,000 ingawa shina lake ni jembamba kama mkono, na mizizi yake imeshika kwenye ufa tu.

*Kupe.* Kupe wenye miguu myeusi wameenea kusini mwa Ontario, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Hawasubiri kiangazi, joto likizidi digrii 4 hivi wanaamka. Hukaa kwenye nyasi ndefu na majani makavu, wakisubiri mguu upite. Vaa suruali ndefu ya rangi isiyokolea, ichomeke ndani ya soksi, pulizia dawa ya wadudu, na tembea katikati ya njia.

*Mmea uitwao poison ivy.* Una majani matatu kwenye kila kikonyo, la kati likiwa na kikonyo kirefu zaidi. Mafuta yake huwasha na kutoa malengelenge siku moja au mbili baadaye. Ukiugusa, osha kwa sabuni na maji baridi mapema iwezekanavyo, pamoja na viatu na kamba zake. Watoto wafundishwe kutochuma jani lolote njiani.

*Uwindaji.* Majira ya vuli baadhi ya vipande kwenye ardhi binafsi hufungwa kwa ajili ya wawindaji wa paa. Heshimu tangazo, na miezi hiyo vaa rangi ya machungwa inayong'aa.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kundi kubwa bila kiongozi. Watu kumi na watano wa jumuiya wanatoka pamoja, wepesi wanatangulia, na mama mmoja anabaki nyuma peke yake bila ramani. Teua wawili: wa mbele, na wa mwisho kabisa ambaye hapitwi na mtu. Wa mbele asubiri kila penye mistari miwili.

Kuanza kwa kuchelewa. Kama miadi ni saa mbili asubuhi, tiketi ya basi iwe ya saa mbili na nusu, na asiyekuwepo atakuja safari nyingine. Ugumu huu ni wa huruma, kwa sababu anayelipa kwa kuchelewa kwenu ni mwenye mtoto na mwenye goti baya, jioni.

Kutegemea simu ya mtu mmoja. Kila mtu mzima awe na majina ya mahali pa kuanzia, pa kumalizia na milango ya kutokea, hata kama ni kwenye kipande cha karatasi.

Muziki wa spika. Kuna watu nyumbani kwao, kuna ndege, na kuna wenzako waliokuja kutafuta utulivu.

Ukifika nyumbani

1. Mpigie uliyemwachia ujumbe. Fanya hivyo kwenye basi, kabla usingizi haujakuchukua.

2. Nguo zote ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika kumi kabla ya kufuliwa. Joto kavu huua kupe. Kufua peke yake huenda kusiwaue.

3. Oga, kisha jikague: nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio, ndani ya nywele. Watoto wakaguliwe na mtu mzima. Kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta.

4. Ukimkuta amejichimbia, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta juu taratibu bila kusokota. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Osha mahali hapo kwa sabuni.

5. Mpige picha au mweke kwenye chupa, andika tarehe, kisha nenda duka la dawa siku hiyohiyo au kesho yake. Tangu Januari 2023 wafamasia wa Ontario wanaruhusiwa kumtathmini mtu aliyeumwa na kupe na kumwandikia dawa ya kinga inapofaa. Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 72 tangu kupe aondolewe, kwa hiyo usingoje miadi ya daktari wiki ijayo. Nenda na kadi yako ya OHIP.

6. Kwa siku 30 angalia upele unaopanuka, homa, kichwa kuuma au maumivu ya viungo. Ukiona dalili hata moja, mwone daktari na umweleze wazi kwamba ulitembea Bruce Trail, na tarehe gani.